Kwanza Shika Besi

Jumapili, 2 Machi

Leo nilishuka kugombana. Tangu nihamie chumba hiki wiki tatu zilizopita, kila Jumapili saa tisa alasiri sakafu inatetemeka. Chini yangu ni karakana ya fundi wa kutengeneza cherehani, mzee mrefu, mwembamba, asiyeitikia salamu. Nimemwamkia ngazini mara nne, na mara nne amenipita kama aliyekutana na ukuta. Nikasema moyoni, haya, kila mtu na malezi yake. Lakini leo vikombe vyangu viligongana kabatini, kimoja kikapoteza mkono. Uvumilivu ukaniishia.

Nilibisha, sikujibiwa. Nikaingia. Amekaa katikati ya cherehani zilizofunguliwa matumbo, kiganja chake cha kulia amekiweka juu ya spika ya mbao, macho ameyafumba. Muziki wenyewe ulikuwa kama ajali ya magari matatu, kila dereva akijieleza kwa wakati mmoja.

"Mzee, shikamoo! Naomba upunguze!"

Nikaikanyaga sakafu kwa hasira. Akafumbua macho, akanitazama mdomoni. "Karibu, kaa. Umeingia katikati. Anayeingia katikati ya hadithi hudhani msimulizi ana wazimu." Akainua sindano ya santuri, akairudisha mwanzo.

Nilikaa. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu wiki tatu nzima hakuna mtu aliyeniambia "kaa".

"Ni nini hiki?" nilimuuliza alipogeuka.

"Fyusheni. Ni jazi iliyohamia nyumba moja na gitaa la umeme na ngoma za dansi. Wazee wa jazi walisema ndoa batili. Vijana wa gitaa walisema bibi harusi anaongea sana. Lakini watazame watoto waliozaliwa."

"Mimi sielewi kitu."

"Kwa sababu unataka kuwaelewa wote kwa mpigo. Ukiingia kwenye harusi, unawapa mkono watu mia mara moja? Kwanza shika besi. Ile nene ya chini. Wengine waache wapige kelele zao."

Niliishika kama dakika moja, ikaniponyoka. Nimerudi juu na maumivu ya kichwa. Nilikwenda na ugomvi, nimerudi na kazi ya nyumbani.

Jumatano, 5 Machi

Mimi hutengeneza meno bandia. Nakaa chumba cha nyuma cha zahanati, na Daktari hunipitishia taya za plasta kwenye trei, kila moja na namba yake. Watu wenyewe siwaoni. Najua vinywa vyao tu. Namba 31 anatafunia upande wa kushoto na usiku anasaga meno, ana jambo linalomtafuna. Nikikutana naye barabarani nitampita kama mti.

Leo nilichonga nta ya namba 31 huku nikiifuata besi kichwani. Daktari akachungulia.

"Unaimba?"

"Hapana, nahesabu."

"Meno?"

"Hapana."

Akafunga mlango taratibu, kama anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Jumapili, 9 Machi

Mvua ya kwanza. Nimeshika besi wimbo mzima, dakika tisa. Inatembea chini ya wengine bila kupayuka, kama mama mwenye nyumba anayejua kila kitu kimewekwa wapi. Fundi hakusema hongera. Aligeuza sahani ya santuri upande wa pili.

Jumanne, 11 Machi

Dada yangu amepiga simu. Anataka nirudi kwao, anasema mwanamke wa miaka arobaini na saba haanzi maisha kwenye mji asiojua hata duka la chumvi liko wapi. Nikamwambia Jumapili nasikiliza jazi.

"Jazi? Wewe? Umepata bwana!"

"Nimepata besi."

"Anafanya kazi wapi?"

Nilicheka mpaka nikaweka simu mezani. Kisha chumba kikawa kimya kuliko kabla hajapiga.

Jumapili, 16 Machi

Leo wimbo ulinikwaza. Kila nikipiga mguu unaanguka shimoni. Nikamwambia Fundi wapigaji wamekosea.

"Hawakukosea. Wewe umezoea ngazi za vidato vinne." Akachukua sindano saba za cherehani, akazipanga juu ya meza: mbili, kisha mbili, kisha tatu. Akawa anazigusa kwa kidole: moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu. Mvua inapiga bati, kidole kinatembea, na mara mguu wangu ukaacha kuanguka. Ukawa unatembea wenyewe! Nilipiga kelele kama mtoto aliyepanda baiskeli bila kushikwa. Yeye kidole hakikusimama, lakini nilimwona shavuni anatabasamu.

Nimefanya mambo mengi katika maisha yangu. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilijua jambo jipya kwa sababu tu ni zuri.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Taya tisa. Mkate na chai.

Jumapili, 23 Machi

Sitaki kushuka tena.

Leo tulikuwa kwenye sahani yenye jalada la buluu. Upande wa pili una wimbo wa polepole, kinanda cha umeme kinadondoka tone tone, na juu yake kuna kitu chembamba kinalia. Sijui kilinifanya nini. Nikajikuta nasema jambo ambalo sijalisema hapa mjini kwa mtu yeyote. Nilisema, nikiangalia dirisha, "Mume wangu aliondoka mwaka jana. Miaka kumi na tisa. Hata ugomvi hatukugombana. Alikunja mashati yake, akaniachia funguo juu ya friji."

Na yeye akanijibu nini? "Ndiyo, hiyo ni saksafoni ndogo."

Hakugeuza hata shingo. Niliinuka nikapanda juu bila kuaga. Mtu anatoa moyo wake nje kama mkeka wa kuanika, mwenzake anaupita na viatu. Kumbe kwake mimi ni mtu wa kumgeuzia sahani. Alivyo na mikono hodari, kifuani ana chuma cha cherehani.

Jumanne, 25 Machi

Nimempita ngazini. Sikumwamkia. Hakuona tofauti.

Jumapili, 30 Machi

Nilijiambia nitashuka kuchukua mwavuli wangu tu.

Mlango ulikuwa wazi. Fundi amenipa mgongo, anasafisha cherehani kwa brashi. Muziki haujawashwa. Pembeni yake, karibu kuliko urefu wa mkono, birika lipo juu ya jiko na linapiga mluzi. Mluzi ule ule wa kutoboa masikio ambao mimi nilianza kuusikia nikiwa bado ngazini. Mvuke unamgusa bega. Naye anapiga brashi, taratibu, mbele, nyuma.

Nikasema, "Fundi, birika." Kimya. Nikasema kwa sauti kubwa. Kimya. Nikasimama pale mlangoni, na yale yote yakaja kwa mstari mmoja: zile salamu ngazini, kiganja juu ya spika, macho yake kwenye mdomo wangu. Na siku ile nilikuwa nimeangalia dirisha. Mdomo wangu hakuuona.

Nilizunguka mbele yake, nikazima jiko. Akaruka kidogo. Akalitazama birika, kisha mimi, na uso wake ukafanya kama wa mtu aliyekutwa bila nguo.

"Tangu lini?" nilimuuliza, nikimwelekea vizuri.

Aliweka brashi chini. "Kwanza walikwenda ndege," alisema. "Nikadhani wamehama. Kisha mlio wa simu. Kisha sauti za wanawake na watoto. Sauti huondoka kuanzia zile nyembamba za juu, kama nyumba inayobomolewa na fundi mwenye adabu. Besi bado ninayo. Ngoma ile kubwa ninayo. Saksafoni naikumbuka tu, najua inapoingia."

"Na kazi? Si fundi huisikiliza cherehani ajue kinachoiuma?"

"Naishika. Mkono nao una sikio." Kisha akaniomba, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Binti yangu asijue. Akijua atanichukua. Anaishi mbali, siku nzima ya safari. Atanikalisha kwenye kochi mbele ya televisheni, nitazame watu wakifungua midomo. Fundi kwa fundi, nisitiri."

Nikamwahidi. Aliweka sahani. Sikumwambia tena habari za mume wangu. Nilikuwa na aibu ya kumchukia mtu wiki nzima kwa kosa ambalo hakulitenda.

Jumamosi, 5 Aprili

Binti yake alikuja, mwanamke wa makamo, mpole, viatu vimejaa tope. Alipanda kwangu akiwa na baiskuti, kama jirani mwema, lakini nilijua alichokifuata.

"Dada yangu, wewe unakaa naye karibu. Nikimpigia hashiki simu. Akishika, namuuliza amekula nini, ananijibu mvua haijakatika. Niambie ukweli. Baba anasikia?"

Nilimtazama machoni. "Anasikia kuliko mimi," nilisema. "Si unajua wazee? Anasikia anachotaka."

Akacheka. Akashusha pumzi ndefu, akanishukuru, akanishika mikono yote miwili.

Nimeandika hapo juu kwamba nilimwahidi Fundi. Ni kweli. Lakini shajara haidanganywi. Nilisema uongo ule kwa sababu ya Jumapili saa tisa. Akichukuliwa yeye, mimi nabaki na taya.

Jumapili, 6 Aprili

Jumapili tamu kuliko zote. Nimeweza kushika besi na ngoma pamoja na bado nikasikia gitaa likipita juu. Baiskuti za binti yake sikuzigusa.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua siku ya nne mfululizo. Jioni nikiosha vyombo nilimsikia Fundi chini anajaribu cherehani. Inakimbia vizuri, trrrr, lakini ndani yake kuna kitu. Tik. Kila mzunguko, nje kidogo ya mapigo. Mwezi mmoja uliopita nisingesikia. Sasa nasikia kila kisichokaa mahali pake. Nikafikiri nishuke nimwambie. Nikafikiri tena: nitamwambiaje fundi aliyeshika kazi hii miaka arobaini kwamba chuma chake kinagonga? Nitamvunjia heshima. Nikamaliza vyombo.

Jumamosi, 12 Aprili



Saa nne asubuhi nilisikia ukelele chini. Ni Mama Sare, yule anayeshona sare za shule mtaa wa pili, mwanamke wa mwili na kicheko. Leo hakuwa na kicheko. Alikuwa ameshika kitambaa juu ya jicho la kushoto na kitambaa kilikuwa chekundu. Cherehani aliyoichukua jana usiku kwa Fundi ilivunja sindano ikiwa kasi, kipande kikaruka kikamchoma chini ya nyusi.

"Nilikuuliza!" alikuwa anapiga kelele. "Nilikuuliza mbona inagonga, ukaniambia inakwenda kama maji! Ningekuwa kipofu leo! Watoto wangu wangekula nini?"

Fundi amesimama anautazama mdomo wake, lakini mdomo ulikuwa umefunikwa nusu na kitambaa, na alikuwa analia, na midomo ya mtu anayelia haisomeki. Nikamwona Fundi anatafuta. Mwishowe akasema, kwa upole kabisa, "Karibu kesho, itakuwa tayari."

Watu waliokuwa barazani wakaguna. Mmoja akacheka. Mama Sare akamtazama kama aliyetemewa mate.

Na mimi? Nilikuwa ngazini, kidato cha tatu kutoka chini. Ningeweza kusema neno moja tu: hasikii. Neno hilo lingemwokoa na dharau, na lingemfichua. Nikashindwa kuchagua, nikabaki pale pale mpaka Mama Sare akaondoka zake kushonwa. Nyuzi nne. Jicho lenyewe limepona kwa unene wa kucha.

Tik ile niliisikia. Niliisikia, nikamaliza vyombo.

Jumapili, 13 Aprili

Saa tisa imepita bila muziki. Karakana imefungwa. Najua yumo, nimeuona mwanga chini ya mlango.

Nimekwenda kwa Mama Sare. Uso umevimba, lakini alinipa kiti. Nikamweleza kila kitu, pamoja na ile tik. 

"Mzee wa watu," alisema. "Na mimi nilivyompigia kelele. Lakini wewe, jirani, wewe ndiye wa kuchapwa."

"Najua."

Nilipotoka hapo nilimpigia binti yake. Nilianza kwa kusema, "Ile siku nilikudanganya."

Jumanne, 15 Aprili

Binti amefika na gari la asubuhi. Walizungumza kwa maandishi, kwenye karatasi. Jioni Fundi alinikuta ngazini, nikamwamkia nikimwelekea, polepole, midomo wazi. Alinielewa. 

"Mimi nilikupa masikio," alisema, "wewe ukanilipa kwa ulimi."

Akapita.

Jumapili, 20 Aprili

Kimya.

Jumapili, 27 Aprili

Kimya. Nimejaribu kusikiliza peke yangu, kwa simu na visikizio. Kila kitu kipo, saksafoni safi kama maji ya kisima, na haina utamu. Kila nikisikia jambo nainua uso kutafuta mtu. Nakutana na ukuta. Namba 44 ni taya ya mtoto, ya kwanza mwaka huu. Binti wa Fundi amesema wamepata nafasi kwa daktari wa masikio, na mwezi ujao atamhamisha kabisa. Mvua imeanza kupungua. Naona watu wanafurahi.

Jumapili, 4 Mei

Saa nane na nusu mlango wangu uligongwa. Ni yeye. Hajawahi kupanda kwangu hata siku moja. Nyuma ya kila sikio ana kidude kidogo rangi ya ngozi, na mkononi ana lile jalada la buluu.

"Hodi," alisema. "Nimekusikia ukikohoa. Kohoa tena."

Nikakohoa. Akatikisa kichwa kama aliyeonja kitu kizuri.

"Vimenirudishia watu," alisema, akigusa kidude. "Mama Sare nimemwomba radhi na nikamsikia akinisamehe kwa masikio yangu haya. Lakini santuri vimeninyang'anya. Kila kitu kinalia kama bati. Kinanda bati, gitaa bati. Daktari wa masikio anasema vimetengenezwa kwa ajili ya maneno." Akaligeuza jalada mkononi. "Nilikaa na hasira wiki tatu. Hasira inachosha ukiwa peke yako. Njoo chini. Nitavivua, nishike besi yangu. Wewe nieleze ya juu."

Tulishuka. Akavivua, akaweka kiganja kwenye spika. Nami nikakaa mbele yake, karibu, aone mdomo. Wimbo ule wa polepole. Nikaanza: kinanda kimeingia, kinadondoka, kama mtu anayerudi nyumbani na hataki kuamsha waliolala. Gitaa limeuliza swali. Hakuna aliyelijibu. Saksafoni imeingia... nikasita.

"Inafanya nini?"

"Inapanda. Imefika mahali, imesimama. Sijui neno lake."

"Usitafute. Nyamaza hapo, mimi nitajua wamefika."

Nikanyamaza. Tulikaa hivyo, yeye na chini yake, mimi na juu yangu, mpaka sahani ikaisha.

Alivaa vidude vyake. "Siku ile uliyoondoka bila kuaga," alisema, "ulikuwa umeniambia nini?"

Nilidhani nitalia, lakini sauti ilitoka kavu na nzima. Nikamwambia: miaka kumi na tisa, mashati, funguo juu ya friji. Sasa alisikia kila neno. Hakunipa nasaha hata moja. Aliuliza tu, "Mashati aliyakunja vizuri?"

"Vizuri sana."

"Shetani mkubwa," alisema. Tukacheka mpaka mtu akachungulia kutoka barazani.

Jumapili, 11 Mei

Sahani tatu leo. Nimesema mpaka sauti imekauka. Mara mbili alinirekebisha: "Hapana, hapo gitaa haliulizi, linadanganya." Anakumbuka zote.

Jumamosi, 17 Mei

Wamehama. Cherehani amezigawa kwa mafundi wenzake, lakini sahani zote za santuri zimepakiwa, masanduku kumi na moja, yeye mwenyewe akisimamia kila moja kama mayai. Nadhani aliniona nikizitazama.

"Hizi siachi," alisema. "Wewe tafuta zako. Sikio la kurithi halidumu."

Binti yake alinikumbatia akaninong'oneza kwamba amenisamehe ule uongo. Fundi hakunikumbatia. Aliweka kiganja chake juu ya mkono wangu, kizito, bila kutikisa, kama anavyokiweka juu ya spika. Kisha gari likaondoka, matairi yakaacha mistari miwili kwenye tope ambalo tayari linakauka.

Jumatatu, 19 Mei

Taya sita. Jua.

Jumapili, 25 Mei

Jana nilizunguka mji mzima. Nyuma ya duka la vifaa vya umeme nilikuta kasha la sahani kuukuu, na ndani yake moja ya watu nisiowajua, jalada limechanika, pichani wapigaji watano wanaangalia kila mmoja upande wake. Nikainunua, pamoja na mashine ndogo ya santuri iliyotumika. Leo saa tisa niliifungua. Wimbo wa kwanza sikuuelewa hata kidogo. Wa pili una mapigo tisa. Niliyapata kwa vijiko, mbili, mbili, mbili, tatu. Wa tatu una mwanamke anayepiga besi, na besi yake haitembei, inakimbia, inaongea, inawakatiza wengine. Nilisimama katikati ya chumba na kijiko mkononi, hakuna wa kumgeukia.

Saa tisa na nusu simu ikatoa mwanga. Ujumbe, herufi zote kubwa, kama mtu anayepaza sauti: "LEO UNASIKILIZA NINI?"

Nikaanza kumjibu kwa kidole. Ikawa ndefu. Nikafuta, nikachukua karatasi na kalamu, nikaiweka sahani mwanzo na kumweleza: nani ameingia, nani amenyamaza, huyu mwanamke na besi yake isiyo na adabu, pale nilipokosa neno. Nilipoinua kichwa chumba kilikuwa kimeanza kuwa na kiza, na mbele yangu kurasa sita zimejaa pande zote.

Nimefungua daftari hili kuandika habari za leo, na naona nimeshamwandikia yeye.